Shubiri mwitu kutoka kitalu cha Barabara ya Ngong: mche mzuri, boda ya hasara

Kitalu chenyewe hakina bango. Ni kimojawapo cha vile vilivyopangana kando ya Barabara ya Ngong kabla hujafika Karen. Nilikuwa natafuta shubiri mwitu, ile ya maua mekundu, ambayo sisi Wakamba tunaiita kiluma. Nyanya yangu alikuwa akiikata majani na kuyaloweka katika maji ya kuku wakianza kusinzia ovyo.

Katika vitalu viwili vya kwanza nilionyeshwa alovera. Nikawaambia hiyo asili yake ni Uarabuni na ua lake ni la manjano. Kijana mmoja akanishauri ninunue na rangi nyekundu basi.

Mama wa kitalu cha tatu alinipeleka moja kwa moja nyuma ya mitungi. "Hii si ya kupaka usoni, kijana wangu," akasema. "Hii unawapandia ndege." Nikamuuliza kama ameing'oa porini, maana tangu amri ya rais ya 1986 shubiri za mwituni hazivunwi kibiashara hivi hivi. Hakukasirika. Alinionyesha trei za miche aliyoiotesha kwa mbegu, mingine midogo kama jino la kitana. Hapo ndipo nilipoamua pesa yangu itabaki kwake.

Mkubwa uliokaribia kutoa ua aliutaka mia sita, tukaafikiana mia nne. Midogo ni mia moja. Nikachukua mikubwa miwili na midogo mitatu.

Nyota nne, si tano, na ile moja imekwenda na boda aliyeniitia. Jamaa alifunga miche kwa mpira kama kreti ya soda, na tulipofika Buruburu bua moja la ua lilikuwa limekatika. Nilipompigia Mama simu aliniambia siku nyingine nije na gari. Pole sikusikia. Jambo jingine ni udongo: kwenye karatasi za miche aliweka ule mweusi mzito unaoshika maji, na shubiri haipendi kulowa miguu. Mche mmoja mdogo ulioza kabla ya mwezi kwisha. Iliyobaki niliihamishia kwenye mchanga na kokoto, ikatulia.

Sasa lile bua lililopona. Lilipanda hadi kunifika kifuani, likatoa matawi, na katika kila tawi maua yameelekea upande mmoja tu, kama abiria wanaosubiri matatu. Yanafunguka kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo karamu haiishi siku moja.

Chozi wa kwanza, yaani yule ndege mdogo anayenyonya maji matamu ya maua, alikuja siku ya tatu, saa moja na nusu asubuhi, nikiwa bado na mswaki mdomoni. Dume mwenye tumbo la njano, mgongo unaometa kijani na samawati. Hapepei hewani; anatua kwenye bua kichwa chini, anachomeka ule mdomo uliopinda, anahamia ua la pili. Wiki iliyofuata akaja mkubwa zaidi, mweusi kwa mbali, lakini akigeuka juani anatoa rangi ya shaba, na mkia mrefu mwembamba nyuma. Huyo ni mkorofi. Alimfukuza mwenzake hadi kwenye waya za stima, kisha akarudi kunywa peke yake. Jirani alilalamika kuna ndege anagonga kioo cha gari lake kila asubuhi. Ni yule wa njano, anapigana na kivuli chake. Nikamshauri afunike vioo vya pembeni kwa soksi.

Nyuki nao wapo, ila hao wanangoja jua likolee. Na utando wa buibui uliokuwa juu ya geti umepungua. Jike moja la chozi nimeliona likiuvuta nyuzi nyuzi, nadhani kuna kiota kwenye mti wa jirani.

Mama ameniambia mbegu zake za muhuti, ule mti wa maua mekundu, zimeota. Jumamosi nakwenda na gari la shemeji.