Uzoefu wangu: kisiki cha 35,000 na maneno ya misumari

Nilikuwa nimekusudia kutoa nyota moja na kunyamaza. Lakini jana nimezibua filta kwa mara ya nne, kwa hiyo leo mtanisikiliza.

Kuna duka la samaki wa mapambo Kariakoo, jina naliacha, wenye matangi wenzangu watalijua. Sikufuata samaki. Gapi wangu wananitosha, na wanazaana bila kuombwa. Nilifuata kisiki kilichofungwa kuvumwani, yale majani laini yasiyo na mizizi yanayofanya tangi lifanane na kijito cha kule kwetu Amani badala ya ndoo yenye taa. Kijana wa dukani akaniambia hii ni ile ya Krismasi, vijitawi vyake hushuka kwa ngazi kama mti wenyewe, ndiyo maana bei imesimama. 35,000. Nikalipa, nikapanda bodaboda nimekipakata ndani ya mfuko wa maji kama mtoto mchanga.

Wiki ya kwanza raha tupu. Kijani, kimeshiba, kinene kama blanketi. Wiki ya pili nikaona kwa chini kuna rangi ya chai. Ya tatu, au ya nne, sikumbuki, nilirudi kutoka kazini nikakuta blanketi lote linaelea juu, kisiki kiko uchi, na uzi unaning'inia kama pindo la gauni lililofumuka. Vipande vimeingia kwenye filta, pampu inakoroma.

Nikakibeba kisiki mpaka dukani. Sikwenda kigomvi, nawaapia. "Habari za kazi kaka, hii yenu imebanduka." Hakuinua hata macho kwenye simu.

"Dada, hilo ni jani tu. Kwani ulitaka nilipigilie misumari?"

Wenzake wakacheka. Kulikuwa na mzee mmoja, mteja kama mimi, kaja kununua chakula cha samaki, mtu mzima na kofia yake ya kito. Naye akacheka!

Misumari hiyo nimelala nayo wiki nzima.

Nikaamua kufunga mwenyewe. Mwanzoni niliulaumu uzi, kwamba ni wa pamba na umeoza. Uzi wa pamba huoza kweli majini, lakini ndiyo kazi yake: unapooza, kuvumwani inakuwa imeshajishikiza kwenye mti kwa vinyweleo vyake. Kosa lilikuwa unene. Walirundika shungi zima ili kisiki kionekane kimeshiba pale dukani. Ya juu ikala mwanga wote, ya chini, ambayo ndiyo ilitakiwa kushika mti, ikakaa gizani mpaka ikafa. Sasa wakati uzi unaoza, nani kashika nini?

Siku hizi naikata kwa mkasi, vipande vya sentimita moja au mbili, naitandaza nyembamba mpaka mti uonekane kwa chini, halafu nazungusha uzi mweusi wa cherehani. Kwenye mawe natumia supagluu, vitone tu, na iwe ile nzito. Ile nyepesi iliniunganisha kidole gumba na cha shahada, nikakaa jioni nzima kama mtu anayevuta tasbihi. Ikikauka huacha weupe; msiogope, majani yataufunika.

Joto letu la Dar nalo ni mtihani. Kaskazi ilipokolea tangi langu lilifika nyuzi 31, kuvumwani ikagoma kukua, na mwani wa nyuzi ukapata pa kujitanda. Nimeweka feni ndogo inayopuliza juu ya maji, joto limeshuka nyuzi mbili hivi, ila maji yanapungua na kila baada ya siku mbili lazima uongeze. Kijana angeweza kunieleza hayo yote akiwa bado anachezea simu yake.

Halafu hapa ndipo ninapojichanganya. Katika vile vipande vilivyotoroka, kimoja kilinasa kwenye sponji ya filta, nikakiacha kwa uvivu. Hakuna uzi, hakuna gundi, hakuna fundi. Kimekuwa kichaka! Vitoto vya gapi vinajificha humo, na zamani mama zao walikuwa wanavila vyote. Kwa hiyo mali yenyewe ilikuwa hai na safi, haikuniletea konokono hata mmoja. Haya, nyota mbili. Tatu, tukihesabu na vitoto.

Ila kichaka kilipokua nikakitazama vizuri. Vijitawi vinakwenda kila upande, havina ile pembetatu, wala havishuki kwa ngazi. Krismasi iko wapi? Hii ni kuvumwani ya Java, ile ya kawaida, Taxiphyllum barbieri, ile ile ambayo duka hilo hilo walikuwa wameijaza kwenye beseni karibu na mlango, 5,000 kiganja kizima, nami nikaipita nimeinua pua.

Narudi kwenye nyota moja.

Swali langu kwa wanaolijua duka: visiki vitupu wanauza bei gani? Maana visiki vyao, haki ya Mungu, ni vizuri, changu kilizama siku ile ile bila kuchemshwa. Jumamosi nitakwenda. Na nikimkuta yule kijana, misumari nitakuwa nayo kwenye mkoba.