Mshauri wa kodi, Bangkok: nyota tatu

Nakaa Thailand zaidi ya siku 180 kwa mwaka, hivyo kikodi nahesabiwa mkazi. Jambo moja alinieleza vizuri, na lilitosha kurudisha ada yake: tangu Januari 1, 2024, mapato ya nje yanatozwa kodi ukiyaingiza nchini, hata ukiyaleta miaka ya baadaye. Zamani ulisubiri tu mwaka ugeuke, kisha ukayaleta bila kodi! Akiba ya kabla ya 2024 haiguswi, mradi una taarifa za benki za kuthibitisha. Akaniambia nitenge akaunti mbili, pesa za zamani na mpya zisichanganyike. Hapo nilimkubali. Ila simu hapokei. Machi, muda wa kuwasilisha ritani (fomu ya kodi ya mwaka) ukikaribia mwisho, ujumbe wangu ulijibiwa siku ya tisa.