Malazi ya nyumbani kwenye njia ya Pamir: tathmini ya mwendesha baiskeli

Kati ya mji wa Khorog na Ziwa Karakul, mashariki mwa Tajikistan, nililala usiku 11 katika nyumba za wenyeji wanaopokea wageni kwa malipo, na tathmini hii ni ya nyumba hizo kwa jumla wala si ya moja pekee, kwa sababu msafiri wa baiskeli hachagui malazi kwa kulinganisha picha, bali huchagua nyumba iliyo karibu na pale miguu ilipogoma. Niliifuata barabara ya milima ya Pamir, ambayo kwenye ramani ni M41, isipokuwa kipande cha kusini ambako niliiacha na kuambaa na Mto Panj kupitia bonde la Wakhan, Afghanistan ikiwa ng'ambo ya maji, karibu kiasi cha kusikia punda wa upande wa pili wakilia. Ilikuwa safari ya kama kilomita 600. Natokea Tanga, mji ambao baiskeli ni usafiri wa muuza samaki na wa mwalimu, kwa hiyo sikwenda huko kushindana na mtu, nami nilikuwa mwepesi wa kusimama kila nilipoitwa chai.

Msomaji aelewe kwanza mazingira ya huduma yenyewe. Jimbo la Badakhshan, ambalo wasafiri hulitaja kwa herufi zake nne, GBAO, na ambalo lina kibali chake maalumu mbali na ruhusa ya kuingia nchini, limechukua takriban asilimia 45 ya eneo lote la Tajikistan ilhali wakazi wake hawafiki hata asilimia 4 ya wananchi. Hoteli ni chache mno nje ya miji ya Khorog na Murghab. Wanaume wengi wako Urusi kutafuta riziki, na nyumba nyingi nilizolala zilikuwa mikononi mwa bibi au mke wa mwenye nyumba, ambaye ndiye mpishi, mpokea wageni na mhasibu. Nilikuwa nikilipa kati ya dola 15 na 20 kwa usiku mmoja, pamoja na chakula cha jioni na kifungua kinywa, na kwa mtu aliyetoka kusukuma baiskeli kwenye mchanga kwa saa tatu, bei hiyo ni halali kabisa.

Nyumba za Wapamiri zinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwani ndizo zinazoifanya huduma hii isifanane na nyingine yoyote niliyowahi kulipia. Ukiitazama kwa nje, ni nyumba ya udongo na mawe yenye paa bapa ambalo kiangazi huanikwa aprikoti, wala haikuambii kitu. Ndani mna ukumbi mmoja mkubwa ulioshikiliwa na nguzo tano za mbao, ambazo Waismaili wa huko huzihusisha na Mtume Muhammad, Ali, Fatima, Hasan na Husein. Juu, katikati ya dari, kuna dirisha la mraba lililozungukwa na miraba mingine ya mbao, kila mmoja ukiwa umepindishwa juu ya mwenzake, na mwanga wote wa nyumba huingilia hapo. Pembezoni kuna majukwaa ya kukalia na kulalia yaliyotandikwa magodoro membamba ya pamba waitayo kurpacha. Mgeni huketishwa mbali na mlango, mahali pa heshima, na akijaribu kukaa karibu na viatu vyake kwa kuona haya, kama nilivyofanya mimi nikiwa na soksi za siku nne, atavutwa kwa mkono hadi ndani. Kurpacha tatu zikibebanishwa, pamoja na blanketi zito, zilinipa usingizi bora kuliko kitanda chochote cha hoteli ya mji mkuu. Baiskeli nayo ililala ndani kila siku, na mara mbili ilifutwa vumbi na watoto kabla sijaamka.

Asubuhi huletwa shirchoy. Hii ni chai ya maziwa yenye chumvi, ambayo hutiwa donge la siagi, kisha ukaimegea mkate ndani ya bakuli na kuila kwa kijiko. Mtu aliyekulia kwenye chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi anapaswa kuonywa mapema, maana siku ya kwanza ulimi wangu ulisubiri sukari ukapewa chumvi, na nilimeza kwa adabu tu. Siku ya tatu nilielewa. Aliyekwisha kutoa jasho kutwa nzima kwenye hewa kavu ya kimo cha mita 3,000 anahitaji chumvi, mafuta na maji ya moto kwa wakati mmoja, na sijui kinywaji kingine kinachovileta vyote katika bakuli moja. Jioni mara nyingi huwa ni shurbo, supu ya nyama, viazi na karoti, na jina hilo liko karibu sana na shurba yetu ya Ramadhani hata nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani nimeandaliwa futari. Mkate hauwekwi kifudifudi. Niliuweka hivyo mara moja kwa kutojua, na bibi mwenye nyumba aliugeuza taratibu bila kunitazama usoni.

Nje ya nyumba hizi za kulipia kuna ukarimu mwingine, na hapa ndipo nina neno la kuwaambia waendesha baiskeli wenzangu. Katika bonde la Wakhan huwezi kupita kijiji bila kuitwa. Mwanamke yuko shambani na mundu, anakuona kwa mbali, anaweka mkono kifuani na kuita, "Choy! Choy!" Wapo wasafiri wanaojisifu kwamba walivuka Pamir nzima bila kulipia hata usiku mmoja, kwa kuitikia kila mwito wa aina hiyo, na mimi jambo hilo linanikera. Sisi watu wa pwani tungepaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Mtu anayekula barazani kwake akimwona mpita njia lazima aseme karibu, na mpita njia aliyelelewa vizuri hujibu ahsante, akaendelea na safari yake. Karibu hiyo ni ya kweli, lakini haina maana kwamba sufuria ilipikwa kwa ajili ya watu wawili. Kanuni niliyoifuata huko ni ileile ya nyumbani: mwito wa kwanza nilishukuru, mkono kifuani, ukirudiwa mara ya pili na ya tatu, nilishuka, nikanywa chai pamoja na mkate, nikaondoka kabla ya chungu kubandikwa. Kulala, nililala palipo na malipo. Udongo wa huko hutoa mavuno mara moja kwa mwaka, tena kidogo, na familia inayopokea wageni kumi wa bure kwa mwezi inakula akiba yake ya majira ya baridi.

Mzee mmoja wa bondeni aliniuliza nilikotoka. Tanzania haikumwambia kitu. Nilipochora ramani mkekani kwa kidole na kuitaja Nairobi kuwa ni jirani, alisimama akamwita mkewe, kwa kuwa Aga Khan wa Nne, aliyekuwa Imamu wa Waismaili hadi alipofariki mwaka 2025, alilelewa Nairobi utotoni mwake. Huko kwetu tunalijua jina hilo kwa hospitali na shule. Kwao ni jina la msaada wa chakula uliowafikia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1992 hadi 1997, na wazee hawajasahau. Kuanzia hapo nikawa jamaa.

Juu ya uwanda, baada ya kuvuka kipito cha Khargush kwenye zaidi ya mita 4,300, nyumba hubadilika na wenyeji ni Wakirgizi zaidi. Kijiji cha Alichur kiko kwenye kimo cha karibu mita 3,900, na nilifika nikiwa na maumivu ya kichwa yaliyonifanya nishindwe kufungua vifungo vya mikoba ya baiskeli. Asubuhi nilijikakamua kuondoka. Mama mwenye nyumba alitoka nje, akaushika usukani kwa mikono miwili, akatikisa kichwa, kisha akaikokota baiskeli kuirudisha ndani bila neno, akaniletea mtindi wa maziwa ya yaki na mkate. Nililala kutwa. Siku ya pili alipokea malipo ya usiku mmoja na kunirudishia ya mwingine, na nilipong'ang'ana aliingia jikoni akafunga mlango. Nikaenda dukani, na duka kwa Kikirgizi linaitwa dükön, nikanunua unga, chai na sukari, nikamwachia mkamwana.

Kasoro zipo. Katika nyumba moja bei ya jioni haikuwa bei ya asubuhi, nikaambiwa chakula kilikuwa kando. Nililipa, ila tangu siku hiyo nilikuwa nikiuliza mapema na kuonyesha kinywa kwa kidole ili pasibaki shaka. Choo ni cha shimo na kiko nje, na usiku wa uwanda hata mwezi wa Julai ni wa kuvaa koti. Asiyekula nyama ataishi kwa mkate, viazi na siagi. Kuchaji simu hutegemea sola ya nyumba, na mwenye nyumba ana haki ya kwanza. Kuhusu kuoga, mgeni apime maneno yake kabla ya kudai maji ya moto: tangu makaa ya mawe ya enzi ya Umoja wa Kisovieti yalipoacha kuja, uwanda huo usio na miti umekuwa ukipikia samadi iliyokaushwa na mizizi ya kichaka kiitwacho teresken, ambacho huota polepole sana na kinazidi kupungua. Mimi niliridhika na birika moja kila baada ya siku tatu, na naamini waliolala karibu nami walivumilia.

Pamoja na hayo yote, kwa chakula, joto na usalama wa baiskeli nazipa nyumba hizi alama za juu, kwa usafi wa mwili alama za katikati, na kwa bei sina malalamiko isipokuwa ile moja niliyoieleza. Mwenye kwenda achague kati ya Juni na Septemba, apitie ofisi ya PECTA, chama cha utalii wa Pamir, pale Khorog kuulizia nyumba zilizoko mbele, abebe noti ndogondogo za somoni kwa sababu chenji haipatikani, na awe na kandambili za ndani. Huko Langar, kijiji cha bonde la Wakhan, ataletewa kitabu cha wageni, nacho kinaitwa daftar, jambo lililonichekesha peke yangu mpaka nikalazimika kueleza kwa ishara kwamba na sisi tunacho, kwa jina hilohilo. Akifunua na kukuta ukurasa wa Kiswahili wenye doa la siagi, doa hilo ni langu.