Sanamu ya Yoshitsune: Huu Upinde Umeniudhi!

Haya wadau, karibuni tena. Boksi la hii sanamu ya kuunganisha mlishaliona juzi, vipande vinabana vyenyewe bila gundi, tusipotezeane muda. Leo nina ugomvi na upinde.

Huyu ni Minamoto no Yoshitsune, kamanda wa Japani wa miaka ya 1180. Ngoja nimsogeze kwenye kamera. Pembe za kofia, safi. Deraya, safi. Upanga unaning'inia makali yakiangalia chini, ndivyo walivyouvaa wapanda farasi wa enzi zile. Kampuni pinzani, wale wa bei chee, wamemchomeka upanga kiunoni kama samurai wa karne za baadaye. Hapo watengenezaji wa hii wamewapiga bao.

Sasa upinde. Urefu sina neno, pinde za Kijapani humpita mtu kimo. Lakini ona unene! Naweka njiti ya kiberiti pembeni... mmeona? Njiti mbili na bado. Halafu mkono umeshika katikati kabisa, wakati upinde wa Kijapani hushikwa chini ya katikati. Nageuza, tazameni tena. Katikati!

Mnanijua, kwa kawaida simaindi vitu vidogo. Ila kwa mtu huyu upinde ndio hadithi yenyewe. Heike Monogatari, utenzi wa kale wa Kijapani kuhusu vita hivyo, inasimulia kwamba mwaka 1185, kwenye mapigano ya Yashima, upinde ulimponyoka baharini akiwa juu ya farasi. Maadui wanamvutia reki za vita wamng'oe kwenye tandiko, watu wake wanapiga kelele auache, yeye kainama anauvuta kwa mjeledi. Akarudi nao anacheka. Wazee wakamgombeza. Akawaambia ungekuwa mzito kama wa ami yake Tametomo, angeudondosha makusudi wauone. Wake ulikuwa dhaifu, na hakutaka maadui zake, ukoo wa Taira, wauokote wamcheke. Sasa nyie mnampa gogo!

Na nyuma ya boksi wameandika ushindi tu. Alivyoshuka genge na farasi Ichi-no-Tani, 1184. Alivyowamaliza Taira baharini Dan-no-ura, mwezi mmoja tu baada ya Yashima. Kaka yake Yoritomo, mkuu wa ukoo wao, hatajwi kabisa! Dogo alipokea vyeo kutoka kwa Go-Shirakawa, mfalme mstaafu, bila kumwomba kaka ruhusa. Akazuiwa Koshigoe, mlangoni mwa Kamakura, makao ya kaka, akaandika barua ya kujieleza, wapi. Akakimbilia Hiraizumi, kaskazini, kwa mtawala wa huko, mzee Hidehira aliyemhifadhi ujanani. Mzee akafa, na mwaka 1189 mwanawe Yasuhira akamzingira, Yoshitsune akajiua. Kichwa kikapelekwa Kamakura kimelowekwa kwenye sake. Yasuhira naye hakupona. Yoritomo alimvamia mwaka huohuo.

Kwenye bei, nimetoa shilingi 120,000. Asubuhi nilikuwa nawaambia msinunue. Lakini hii deraya jamani... nyuzi nyekundu moja moja. Ikishuka hadi 80,000, chukua. Wanaoulizia sanamu ya Nobunaga, ni wiki ijayo, na jumapili nitakuwa mubashara, bonyeza kengele.

Kabla sijaondoka, nimekuja na msasa. Nausugua huu upinde mbele yenu hadi ufanane na wake. Taratibu... huku juu tayari umekuwa mwembamba, ona, unapendeza. Sasa huku chini kwenye... aah.

Umekatika.

Subirini nikatafute gundi.