Mbao za paini zenye dawa kwenye tela la boti: uzoefu wangu

Kama boti yako ni ya fiba na unaishusha baharini, mbao za kulalia boti zikichoka, nunua paini iliyotiwa dawa, inchi 2 kwa 6. Mimi nimezifunga kwenye tela langu hapa Dar es Salaam na nimeridhika nazo sana. Ila mbao ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni bolti.

Zile za zamani zilikuwa mbao laini zisizo na dawa. Kwa juu zulia lilificha kila kitu, lakini ukichoma ubavuni kwa bisibisi, ncha ilizama yenyewe na maji yakachuruzika. Mbao ikifikia hapo, inapinda katikati ya vyuma na uzito wote wa boti unaangukia sehemu chache. Fiba haipendi hivyo, hasa kule tezi, yaani nyuma ya boti, ambako injini inaning'inia.

Wengi walinishauri mvule. Mvule ni mbao ya heshima, haibishaniwi, lakini bei yake ni ya juu na kupata futi 12 zilizonyooka si kazi ndogo. Nikaenda Buguruni kutafuta paini. Hapa fungua macho: muombe muuzaji akate kipande kidogo mwishoni. Dawa ikiwa imeshindiliwa kiwandani, utaona ukijani umeingia ndani. Ukikuta ni ngozi tu ya kijani na moyo mweupe mtupu, achana nayo. Duka la kwanza nililoingia mbao zao zilikuwa hivyo, na muuzaji anaapa ni zenye dawa. Niliondoka. Ukishaikata kwa urefu wako na kutoboa matundu, paka dawa kwenye kila mkato, maana hapo ndipo maji yataanzia.

Sasa bolti. Dukani utaambiwa "hii ni steinlesi" halafu basi. Tazama kichwa chake: A2 ni ya kawaida, chumvi itaitia madoa ya kutu, A4 ndiyo ya baharini. Nilichukua A4 za milimita 10 zenye kichwa cha duara, na fundi akachimba matundu ili vichwa vizame ndani ya mbao, visije vikakwaruza boti zulia likilika. Nati za steinlesi zipake grisi kabla ya kukaza, la sivyo zinaumana na bolti, na hapo hakuna spana itakayokusaidia, ni grenda tu.

Boti hatukuishusha kutoka kwenye tela. Tuliinyanyua kidogo kwa jeki, tukaiegemeza kwenye magogo, tukabadilisha upande mmoja hadi ukaisha ndipo tukahamia wa pili. Hivyo kimo cha zamani hakikupotea. Mbao niliziacha ndefu kidogo zipite tezi, kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa zinaishia kabla.

Zulia nilitumia la nje, la plastiki, lisilo na mpira chini, kwani mpira hushika maji. Lizungushe mpaka chini ya mbao lakini uache mwanya maji yatoke, na pini zipigwe ubavuni au chini, kamwe si juu.

Vipande vilivyobaki vijana walitaka kwenda kupikia. Niliwakatalia. Moshi wa mbao hizi ni sumu, na hata wakati wa kukata fundi avae barakoa.

Mwenye boti ya alumini, ushauri wangu kwako ni mwingine kabisa. Dawa hii ina shaba, na shaba ikikutana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Zulia lililolowa halizuii kitu. Wewe lipia mvule.