Okidi chui ya kitaluni: uzoefu wangu

Nina okidi chui, Ansellia africana, mmea wa maua ambao porini huota juu ya miti, niliyoagiza ikiwa mche kutoka kitalu kimoja cha Arusha, nikaletewa Tanga kwa basi. Sasa imeshachanua, kwa hiyo naweza kuisemea.

Nianze na bei, maana ndiyo inayolalamikiwa. Nililipa shilingi 30,000 kwa mche wenye urefu wa shubiri moja, wakati barabarani mtu anaweza kukuuzia kichaka kizima kwa nusu ya hapo. Lakini kile kichaka kimebanduliwa porini. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula; porini haioti mpaka ikutane na kuvu anayeifaa. Kwenye maabara huoteshwa ndani ya chupa, juu ya rojo lenye sukari, kisha mche unalelewa miaka kadhaa ndipo uchanue. Hiyo miaka ndiyo unayoilipia. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imeiweka okidi hii kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini, na kubanduliwa huku ni mojawapo ya sababu. Binafsi siwezi kuweka barazani kitu kilichong'olewa juu ya mti msituni.

Mzigo ulipofika niliangalia mashina kwanza. Shina la zamani kabisa lilikuwa jembamba kuliko kidole cha mwisho, la pili limelipita, la tatu limelipita la pili. Mche uliolelewa tangu mbegu huonekana hivyo. Mizizi nayo ilikuwa mizima, imezunguka ndani ya chungu, bila alama ya kisu wala gome la mti lililogandia. Walikuwa wameifunga kwa gazeti kavu na boksi limetobolewa matundu. Hakuna jani lililovunjika.

Karatasi ya maelekezo ndiyo iliyoniudhi. Imeandikwa umwagilie kila siku mwaka mzima. Okidi hii huota juu ya miti kwenye misitu yenye kiangazi kirefu, na inahitaji kupumzika. Mimi namwagilia vizuri machipukizi yanapokua, asubuhi, nikihakikisha maji hayatuami katikati ya chipukizi kwa sababu huoza. Mashina yakishakomaa na kunenepa, napunguza hadi kunyunyizia kidogo tu. Baada ya mapumziko hayo ya kipupwe ndipo kikonyo cha maua kilipochomoza nchani mwa shina.

Udongo usitie kabisa. Mimi natumia vipande vya makumbi ya nazi vilivyolowekwa na kubadilishwa maji mara kadhaa ili chumvi itoke, nikavichanganya na mkaa uliovunjwavunjwa. Chungu kiwe na matundu mengi. Mwanga iupate mwingi: jua la asubuhi lote, kivuli chepesi mchana. Majani yakiwa ya kijani kibichi sana na malaini, ujue mwanga hautoshi na maua usitarajie. Angalia na vidukari, wanapenda mno vikonyo vichanga. Nawaosha kwa maji ya sabuni.

Kitu kinachonivutia hata bila maua ni mizizi myeupe, myembamba, inayosimama wima kuzunguka mashina, ncha juu. Porini hunasa majani makavu yanayodondoka, yakaoza humo humo na kuwa mbolea yake. Msiikate mkidhani ni kasoro.

Maua yangu ni ya manjano yenye mabaka ya kahawia, mdomo (petali ya chini) wa manjano mtupu, na yana harufu tamu. Mabaka hutofautiana sana kati ya mmea na mmea, mwingine karibu hauna kabisa, na kitalu hakiandiki mbegu ilitoka kwa mzazi wa namna gani. Kwa bei ile wangeandika. Ukiagiza, omba picha ya maua ya mmea mama kabla hujatuma pesa; nilipouliza kwa ajili ya mche wa dada yangu walinitumia siku hiyo hiyo.