Redio inayomeza kadi: miezi minane ndani ya gari langu

Redio iliyokuja na gari langu ilikuwa ya sidii, na kila tairi ikikanyaga shimo mwimbaji alikuwa anaruka mstari mzima. Nilivumilia, mwishowe nikaing'oa. Niliyoweka badala yake ni ya tundu moja, ile saizi ya milimita 180 kwa 50 inayoingia karibu gari lolote. Jina lililoandikwa usoni mwake sijawahi kuliona penginepo, na nadhani hata waliolibuni wameshalisahau. Ina FM, ina Bluetooth, ina tundu la USB, na pembeni kabisa ina kitundu chembamba cha kadi ya SD. Hicho ndicho nilichoinunulia.

Kwa nini kadi na si flashi? Flashi hutokeza nje kama kidole. Niliwahi kuwa nayo kwenye gari la zamani, goti la abiria likaipiga, ikapinda na tundu lake. Kadi inazama yote ndani, unasikia "tik", basi. Ukiitaka unaibonyeza tena na chemchemi inaisukuma nje. Haina kinachozunguka, kwa hiyo mashimo ya barabarani hayaihusu. Miezi minane sasa sijasikia wimbo ukiruka hata mara moja. Kama ni kwa hilo tu, redio hii ningeipa alama zote.

Siku ya kwanza nilichomeka kadi ya GB 64, kioo kikaniandikia kwamba hakuna kadi. Nikaitoa, nikaipuliza (sijui kwa nini huwa tunapuliza), nikairudisha, jibu lilelile. Kosa lilikuwa langu. Kadi za aina ya SDHC mwisho wake ni GB 32 na hupangwa kwa FAT32, mfumo wa kuhifadhi faili kwenye kadi. Zinazozidi hapo, SDXC, ambazo zilianza kutangazwa 2009, hutoka dukani zikiwa na mfumo mwingine, exFAT, na redio za bei ya chini nyingi hazijui kuisoma. Nikaifomati ile ya GB 64 kuwa FAT32 kwa programu nyingine, kwa sababu zana ya kawaida ya Windows niliyokuwa nayo ilikuwa inagoma kupita GB 32. Ikasomeka, ila kila nikiwasha gari redio ilikaa karibu dakika nzima ikihesabu faili kabla ya kutoa sauti. Nikarudi kwenye GB 32 na sijajuta. Muziki wa kbps 128 (kilobiti kwa sekunde, kipimo cha ubora wa sauti) hula karibu MB 1 kwa dakika, maana yake kadi hiyo inabeba zaidi ya saa 500. Hata ukipanda mpaka kbps 320 bado unazo zaidi ya saa 200. Mimi nimesimama kwenye 192. Injini ikishaunguruma na vioo viko wazi, anayesema anasikia tofauti ya hapo kwenda juu ananitania.

Kilichonitoa jasho ni mpangilio wa nyimbo. Binti yangu, ambaye hukaa kiti cha mbele kama msimamizi, aliligundua kabla yangu.

"Baba, mbona albamu inaanzia mwisho?"

Nikamwambia haiwezekani, nyimbo nimezipa namba: 01, 02, 03. Akaniacha nisikilize mwenyewe. Ilianza ya 09, ikaja ya 01, ya 02, halafu nikanyamaza.

Kumbe redio hii haisomi majina ikipanga. Inafuata zamu ambayo faili ziliandikwa kwenye jedwali la FAT, ile orodha ya faili iliyo ndani ya kadi, yaani iliyotangulia kunakiliwa ndiyo inayotangulia kupigwa. Na kompyuta ukiikabidhi faili 20 kwa mkupuo, si lazima izipeleke kwa mstari unaouona kwenye kioo. Namba zangu zote zilikuwa mapambo. Dawa ni mojawapo kati ya mbili: ufomati kadi na unakili folda moja moja kwa utulivu, au utumie programu ndogo ya kulipanga upya jedwali lenyewe. Kwenye Linux ipo ya bure inayoitwa fatsort, na kazi yake ni hiyo tu. Nimekuwa nikiitumia kila ninapoongeza nyimbo. Lakini kijitabu cha maelezo kilichokuja na redio hakina hata sentensi moja kuhusu jambo hili, ingawa kina ukurasa mzima wa kubadilisha rangi za taa za vitufe. Hapo wamenikera kweli.

Binti naye alipojaza kadi yake kwa kompyuta ya Apple, tukapata mizimu. Kila wimbo ulikuwa na pacha wake asiye na sauti: jina lilelile limetanguliwa na nukta na mstari wa chini. Hizo ni faili ambazo macOS huziandika kwa siri kwenye kadi ya FAT32. Kompyuta inazificha, redio haijui kuficha, inazijaribu moja moja na kunyamaza kidogo kila mara. Zifute kabla ya kutoa kadi.

Kioo kinaonyesha herufi chache zinazotembea, na husoma lebo za ID3, yaani jina la wimbo na la msanii yaliyoandikwa ndani ya faili. Andaa moyo: kama nyimbo zako ziliwahi kupakuliwa hovyohovyo, utaona nusu yake zina jina la tovuti badala ya la msanii. Faili za muziki za aina ya FLAC na M4A haisomi, ni MP3 na WMA tu. Rekodi za jukwaani nazo zinaharibika, kwa kuwa kati ya wimbo na wimbo inaweka ukimya mfupi, makofi yanakatika kana kwamba watu wameambiwa wakae chini.

Jambo moja nililoilaumu bure. Wiki ya kwanza, kila nikizima gari ilisahau nilipofika, nami husikiliza simulizi za saa mbili mbili. Nikawa tayari kuirudisha dukani. Kisha nikachungulia nyuma yake nikakuta fundi ameunga waya wa njano na mwekundu pamoja kwenye umeme wa ufunguo. Mwekundu ndio wa ufunguo, wa njano unatakiwa uende moja kwa moja kwenye betri, kwani ndio unaoshikilia kumbukumbu. Nilizitenganisha mwenyewe, na tangu hapo inaendelea sentensi ileile ilipoishia.

Sauti ni safi kuliko nilivyotarajia, na spika zangu ni zilezile za zamani. Besi inatosha. Ningeinunua tena, ila siku ileile ningenunua na kadi mbili za GB 32. Zetu tunazihifadhi kwenye kisanduku kidogo cha plastiki chini ya breki ya mkono. Ya binti ameiandika USIFUTE kwa kalamu nyekundu. Yangu sikuona haja ya kuiandika, na Jumamosi iliyopita nimeifomati nikidhani ni tupu.